Mjane Hurithi au Hurithiwa? Lugha na Ufundishaji wa Haki za Binadamu kwa Vitendo katika Migori na Homa Bay

Katika Kiswahili kinachosikika mahakamani, kwenye baraza la chifu na katika magazeti ya Kenya, kitenzi rithi hutumika kwa namna mbili zisizolingana. Mtu hurithi shamba, ng'ombe au nyumba. Na mtu humrithi mjane. Katika matumizi ya kwanza mjane aweza kuwa mtenda: mjane amerithi shamba la marehemu mumewe. Katika matumizi ya pili yeye ni mtendwa, na kwa kuwa yambwa ya kitenzi hiki aghalabu ni mali, anajikuta katika orodha moja na ng'ombe na shamba. Mwanafunzi wa sarufi ataona hapo kiambishi cha kutendwa tu. Mwanafunzi wa sheria anayekwenda Homa Bay au Migori kujifunza haki za binadamu kwa vitendo hukutana na kiambishi hicho hicho kikiwa kimebeba ekari, paa la nyumba na chakula cha watoto. Makala hii inakusudia kueleza mafunzo ya namna hiyo yanahitaji nini, na kwa nini sehemu kubwa ya ugumu wake ni ugumu wa lugha, jambo ambalo vitivo vya sheria havijalipa uzito unaostahili. Idara za Kiswahili nazo haziwezi kukwepa lawama hiyo.

Elimu ya sheria kwa vitendo si jambo geni. Mwaka 1913 wanafunzi wa sheria wa Harvard nchini Marekani walianzisha ofisi ya kuwasaidia maskini katika mashauri yao, na mwaka 1933 Jerome Frank aliandika akihoji kwa nini mwanasheria asifunzwe jinsi daktari anavyofunzwa, yaani mbele ya mgonjwa na wala si maktabani peke yake. Ulinganishi huo wa utabibu ndio unaobebwa na jina la kliniki ya sheria. Katika Afrika Mashariki, Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961, kilikuwa na kamati ya msaada wa kisheria tangu mwaka 1967. Makerere ilianzisha kliniki yake ya sheria kwa maslahi ya umma mwaka 2012, na katika Chuo Kikuu cha Nairobi wanafunzi wana chama chao cha msaada wa kisheria na utafiti, SALAR. Nje ya vyuo kuna mashirika ambayo wanafunzi wameweza kujifunza kwayo, kama vile Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, na FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoundwa mwaka 1985. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inavitaja vyuo vikuu miongoni mwa watoaji wa msaada huo.

Hata hivyo, mwanafunzi si wakili. Sheria ya Mawakili ya Kenya inamkataza asiye na sifa kufanya kazi ya uwakili. Kwa hiyo mwanafunzi hasimami mbele ya hakimu kumtetea mtu. Husikiliza, huandika, hutafuta nyaraka, hueleza sheria inasemaje, kisha hupeleka shauri kwa wakili anayemsimamia. Ukiitazama vizuri orodha hiyo utaona kwamba kazi zote, isipokuwa moja au mbili, ni kazi za lugha.

Sasa kuhusu mahali penyewe. Migori na Homa Bay zilikuwa sehemu ya wilaya ya zamani ya Nyanza Kusini, na zikawa kaunti chini ya Katiba ya mwaka 2010. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori. Wajaluo ndio wengi. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na ufukoni mwake wapo Abasuba, ambao lugha yao imemezwa kwa kiasi kikubwa na Dholuo. Upande wa Migori unaopakana na Tanzania, kuanzia Kehancha hadi Isebania, ni nchi ya Abakuria. Katika mji wa Migori wenyewe, ulio kwenye barabara kuu iendayo mpakani, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu sokoni na kituo cha magari. Jambo jingine ambalo haliwezi kuachwa ni ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi, na asilimia 13.0 katika Migori, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa 4.9. Maradhi yaliyoua waume wengi namna hiyo yaliacha wajane wengi, na suala la nani atabaki shambani likawa kubwa kuliko lilivyokuwa katika vizazi vilivyotangulia.

Na uchukuliwe mfano wa mjane asiye na jina, kwa kuwa visa kama chake ni vingi. Mumewe amefariki. Shamba wanalolima lingali limeandikishwa kwa jina la baba mkwe, aliyefariki zamani. Shemeji wamelima hadi mlangoni pake, na wameambizana kwamba akikataa taratibu za ukoo arudi kwao. Darasani, mwanafunzi wa mwaka wa tatu atalijibu swali hili bila kutoa jasho. Ataanza na ibara ya 27 ya Katiba kuhusu usawa, aende ibara ya 40 kuhusu mali, aongeze ibara ya 60 inayotaka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila za ardhi, kisha amalizie na ibara ya 2, inayobatilisha sheria ya kimila inayokinzana na Katiba. Atataja uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2005 katika shauri la Rono, ambamo mabinti walipewa haki sawa na wavulana katika mali ya baba yao. Akiwa mwangalifu atakumbuka kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, kinachomfanya mtu anayeingilia mali ya marehemu bila idhini kuwa mkosaji anayeweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Atapata alama zake na kuondoka.

Mjane huyo, kwa upande wake, hasemi kwamba haki yake ya kikatiba imekiukwa. Huanza na ugonjwa wa mumewe, aliyemuuguza na ambaye hakuja kumwona. Kisha maziko, ng'ombe gani alichinjwa na nani alilalamika. Kisha jirani mmoja aliyemwonya. Ekari huja mwishoni, pengine kwa njia ya fumbo. Mwanafunzi asiyezoea humkatiza ili apate anachokiita ukweli wa shauri, na kwa kumkatiza huupoteza. Yule ng'ombe aliyechinjwa huenda ndiye ushahidi kwamba ukoo ulimtambua kuwa mke. Jirani aliyemwonya huenda ndiye shahidi. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanafahamu kwamba msimulizi hupanga matukio kwa mantiki yake na kwamba mpangilio huo ni sehemu ya maana. Ni maarifa ambayo mwanafunzi wa sheria hufundishwa na mteja wake kwa gharama ya muda, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kabla.

Baada ya masimulizi huja safari za ofisini, ambazo hazihitaji maelezo mengi. Kinatafutwa cheti cha kifo. Inatafutwa barua ya chifu inayowataja waliobaki. Hufanywa upekuzi katika ofisi ya ardhi, na ikiwa kuna hofu kwamba shamba litauzwa, linaombwa zuio lisajiliwe. Kwa kuwa ardhi ni ya baba mkwe, mirathi ya mzee huyo ndiyo itakayoanza, na hapo shauri la mtu mmoja hugeuka kuwa la ukoo mzima. Ombi la usimamizi wa mirathi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Mwanafunzi aliyepita njia hii mara moja anaelewa kwamba haki iliyoandikwa katika mstari mmoja wa Katiba huweza kukwama katika foleni ya ofisi moja kwa mwezi mzima, jambo ambalo mhadhara haumfundishi.

Lakini panapostahili kukaliwa kwa muda zaidi ni kwenye mazungumzo na ukoo. Hapa ndipo kitenzi rithi kinapoleta madhara. Desturi inayozungumziwa huitwa "tero" kwa Dholuo, nalo ni neno lenye maana ya kuchukua au kupeleka. Halimaanishi kurithi mali. Mwanamume anayehusika ni "jater". Mjane ni "chi liel", yaani mke wa kaburi, jina ambalo mwanaanthropolojia Betty Potash alilitumia kama kichwa cha sura yake kuhusu wajane wa Kijaluo katika kitabu alichokihariri mwaka 1986. Maana ya jina hilo ni nzito: mwanamke huyo hakuachiliwa na ndoa yake kwa kifo, angali mke wa marehemu, na watoto atakaowazaa na "jater" huhesabiwa kuwa wa marehemu. Kwa mantiki hiyo ya asili "jater" hakupata mke wala hakupata shamba. Alikuwa mlinzi wa nyumba ya mtu mwingine.

Kiingereza kiliiita desturi hiyo urithi wa wake, na Kiswahili kikafuata nyayo. Matokeo ni kwamba tafsiri imeipa desturi maana ya umilikaji ambayo neno la asili halikuwa nayo. Hii si kusema kwamba desturi hiyo haina dhuluma. Zipo shuhuda nyingi za wajane waliolazimishwa, waliotakaswa kwa kulala na mtu wasiyemtaka, na waliofukuzwa walipokataa. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2003 kuhusu haki za mali za wanawake wa Kenya ilieleza mambo hayo kwa kirefu. Hofu ya "chira", yaani balaa linalosadikiwa kumpata anayevunja mwiko, imetumiwa kuwatisha wengi. Hoja hapa ni nyingine. Mwanafunzi anayeingia katika kikao cha wazee na kusema kwamba mjane hawezi kurithiwa kama mali husikika akiwatukana kwa jambo ambalo lugha yao haikusema, na kikao hufungwa kabla shamba halijatajwa. Mwanafunzi anayejua maana ya "chi liel" ana hoja bora zaidi mkononi: kama huyu angali mke wa nyumba hii, kwa desturi ipi anaondolewa katika nyumba hii? Desturi yenyewe inatoa jibu ambalo Katiba inalihitaji.

Kwamba njia hii yawezekana imeonekana Homa Bay. Tangu mwaka 2009 KELIN, shirika la Kenya linaloshughulikia masuala ya sheria na virusi vya ukimwi, lilifanya kazi na wazee wa Kijaluo katika Homa Bay na Kisumu ili wajane waliofukuzwa warejeshwe kwenye ardhi yao kwa usuluhishi. Wazee walifunzwa haki za binadamu, wajane nao wakafunzwa, kisha mashauri yakasikilizwa na wazee hao hao ambao neno lao linasikilizwa na ukoo. Katika baadhi ya mashauri jamii ilishiriki kumjengea mjane nyumba, na kwa Wajaluo, ambao kwao nyumba na boma ni msingi wa hadhi ya mtu, tendo hilo ni hukumu kamili hata bila muhuri. Ibara ya 159 ya Katiba inaruhusu na hata kuhimiza njia za kimila za kutatua migogoro, mradi zisikiuke Sheria ya Haki. Mtu anaweza kuuliza, na ni haki auulize, kama mjane hapati pungufu mbele ya wazee kuliko ambavyo angepata mbele ya jaji. Huenda ikawa hivyo katika shauri hili au lile. Ndiyo maana usuluhishi haufuti haja ya hati ya mahakama baadaye, kwa kuwa mzee aliyetoa neno naye hufa, na hati hubaki.

Tukielekea kusini, kwa Abakuria wa Migori, tatizo la neno linachukua sura nyingine. Sheria ya mwaka 2011 ilipiga marufuku kitendo ambacho Kiswahili kina majina mawili ya kukiita. Neno la kwanza ni tohara ya wanawake. La pili ni ukeketaji. Tohara limetokana na Kiarabu na limebeba usafi na utakaso. Ukeketaji umetokana na kukeketa, yaani kukata kwa kitu butu, na umebeba ukatili. Mwanafunzi akimwambia bibi wa Kehancha tohara, amekubali nusu ya hoja ya bibi kabla ya kuanza. Akisema ukeketaji, amemtia hatiani kabla ya kumsikiliza. Hakuna neno la tatu lililo tayari. Wanaofanya kazi hii kwa busara huanza kwa kuuliza bibi mwenyewe analiitaje, na kutoka hapo hujenga maelezo ya sheria: kwamba adhabu haipungui kifungo cha miaka mitatu au faini ya shilingi 200,000, kwamba anayejua na kunyamaza naye ana kosa, na kwamba kumvusha msichana mpaka kumpeleka Tanzania hakumwokoi mtu, kwani sheria hiyo inamfuata Mkenya hata akitenda nje ya nchi.

Ipo katika sheria hiyo sehemu moja ambayo wanaisimujamii wangepaswa kuisoma kwa makini. Kifungu cha 25 kinaadhibu matumizi ya lugha ya dharau kwa mwanamke ambaye hakukatwa, au kwa mwanamume aliyemwoa. Adhabu haipungui miezi sita au shilingi 50,000. Hapa neno ndilo kosa lenyewe. Kwa Kikuria msichana ambaye hakukatwa huitwa "omosagane". Neno hilo ni jina la kawaida la hali yake, na papo hapo ni tusi linaloweza kumfuata kisimani, shuleni na ndoani. Je, lini jina linageuka dharau? Sheria haisemi, na haiwezi kusema. Jibu liko katika kiimbo, katika uhusiano wa wasemaji, katika aliyekuwapo akisikia. Wakili asiyejua Kikuria atahitaji shahidi wa kumweleza hayo, na hakimu vilevile. Ni nadra sheria kuikiri nguvu ya neno waziwazi namna hii, na ajabu ni kwamba mjadala wake umeachiwa wanasheria peke yao.

Mahali pa tatu pa kujifunzia ni kizimbani. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai inataka lugha ya mahakama za chini iwe Kiingereza au Kiswahili. Ibara ya 49 ya Katiba inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Na ibara ya 50 inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Mwanafunzi anayeketi nyuma ya mahakama ya hakimu mkazi asubuhi ya kusomewa mashtaka hufunzwa kutega sikio kwenye maneno mawili tu: ni kweli. Kwa mujibu wa uamuzi wa mwaka 1973 wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Adan, maneno ya mshtakiwa yaandikwe kadiri iwezekanavyo kama alivyoyasema, na asomewe maelezo ya kosa ili apate nafasi ya kuyakana. Sababu ni kwamba ni kweli ya mtu wa kawaida inaweza kumaanisha kwamba alikuwapo, au kwamba ugomvi ulitokea, au kwamba amemsikia mheshimiwa. Mtu aliyeondoa vitu vya marehemu ndugu yake nyumbani kwa mjane atasema ni kweli nilivichukua, akiwa na yakini kwamba vilikuwa vya ukoo. Hajakiri wizi. Anayeandika kwa Kiingereza kwamba amekiri amefanya zaidi ya kutafsiri.

Kutokana na haya yaonekana kwamba maandalizi ya mwanafunzi yangepaswa kuanza kabla ya gari kuondoka chuoni. Mazoezi ya kuigiza mahojiano yanafanywa katika kliniki nyingi, lakini hufanywa kwa Kiingereza, kati ya wanafunzi wawili wenye msamiati mmoja, jambo ambalo ni sawa na kujifunza kuogelea sakafuni. Yakifanywa kwa Kiswahili, upungufu hujitokeza papo hapo: mwanafunzi anayejua msamaha wa kodi na dhima ya pamoja kwa Kiingereza hushindwa kumweleza mama wa makamo tofauti ya msimamizi wa mirathi na mmiliki. Na tofauti hiyo si ndogo. Shemeji wengi wakishapata hati ya usimamizi huamini, na huwaaminisha wajane, kwamba shamba sasa ni lao, ilhali msimamizi ni mtunzaji tu mpaka mali igawanywe. Neno haki lenyewe lina utata wake, kwani kwa Kiswahili kimoja hutaja kile mtu anachostahili na pia uadilifu wa anayeamua. Mjane anaposema nataka haki yangu, aulizwe anataka shamba au anataka kusikilizwa. Mara nyingine ni la pili.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na tafsiri ya Kiswahili ya Katiba hiyo ipo. Sheria za Bunge, hata hivyo, zingali katika Kiingereza, na fomu za mirathi pia. Kwa hiyo mwisho wa kazi yote ya wiki nzima kijijini ni hati ya kiapo ya Kiingereza, ambayo mjane asiyejua kusoma ataitia kidole. Kabla ya kidole, yapasa asomewe na kuelezwa mbele ya afisa wa viapo mpaka aridhike kwamba ndivyo alivyosema. Usomaji huo mara nyingi huangukia kwa kijana wa chuo aliye kando yake. Hana kamusi ya sheria ya Dholuo wala ya Kikuria, na istilahi za Kiswahili alizonazo ni zile alizookota njiani. Husoma sentensi moja moja, hutua, hufasiri, na mama hutikisa kichwa kukubali, mpaka wanapofika pale palipoandikwa kwamba mwombaji anayaomba haya kwa niaba ya warithi. Hapo mama humzuia na kumwuliza kama na yeye ni mmoja wao.